Bati jipya kwa gari kuukuu: Jinsi ya kuhakikisha vipuri vya nakala vinakaa sawasawa

KWA miaka mingi, safari kati ya Nairobi na Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru ilikuwa na jina moja: Peugeot. Magari hayo marefu ya aina ya 504 yalibeba abiria, mizigo, barua na hata maharusi, yakipanda na kushuka miinuko ya Mlima Kenya mchana na usiku.

Leo yaliyosalia yanahesabika. Mengi yaliuzwa kwa uzani kama vyuma vikuukuu. Machache yamesimama nyuma ya nyumba na chini ya miti shambani, injini zikiwa bado na uhai lakini bodi zikiliwa na kutu kuanzia vizingiti vya milango.

Wenye magari hayo, pamoja na wale wa Land Rover na Volkswagen za zamani, wanapoamua kuyafufua hukumbana na tatizo lisilotarajiwa. Injini hutengenezeka. Nyaya za umeme hutengenezeka. Kinachoshinda wengi ni bodi: mlango mpya ulioagizwa kwa gharama kubwa haufungi, madigadi haifuati mstari wa mlango, na boneti inaacha mwanya wa kidole upande mmoja huku ikigusa upande wa pili.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi humlaumu muuzaji, naye muuzaji husema bati lake halina kasoro. Mara nyingi wote watatu wana sehemu ya ukweli, na gari huishia kubaki kwenye gereji likinyeshewa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, na hatua ambazo mafundi wenye uzoefu hufuata ili kipande cha nakala kikae mahali pake bila kuliharibu gari.

Magari yenyewe

Peugeot 504 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968 na kuteuliwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka uliofuata. Umbo lake lilichorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Zaidi ya magari milioni 3 ya aina hiyo yaliundwa, na takriban 27,000 kati ya hayo yaliunganishwa humu nchini Kenya kutokana na vipande vilivyoletwa kwa meli.

Sifa yake ilijengwa pia na mashindano ya Safari Rally. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alishinda mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Aina ya 504 ilishinda mwaka wa 1975 na, kwa umbo la kupe lenye injini ya V6, mwaka wa 1978. Mkulima wa Othaya au Kerugoya aliyenunua Peugeot hakuhitaji tangazo jingine.

Land Rover nayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa mchanganyiko wa alumini. Nyingine ziliunganishwa katika kiwanda cha Leyland mjini Thika, ambacho leo kinajulikana kama Kenya Vehicle Manufacturers. Hadi sasa Land Rover za zamani bado zinaonekana katika mashamba ya Laikipia na kwenye barabara za Nanyuki na Timau.

Jambo moja linayapa magari haya thamani isiyoweza kurudishwa yakishapotea. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu kwa kawaida kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hivyo basi, gari lililo hapa ndilo lililopo. Anayelikata vibaya hawezi kuagiza jingine bandarini Mombasa kwa urahisi kama anavyoagiza Toyota ya juzi.

Nakala si lazima iwe feki

Katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, mnunuzi husikia maneno mawili tu: jenuini na feki. Kwa vipande vya bodi za magari ya zamani, mgawanyo huo hautoshi.

Kundi la kwanza ni vipande halisi vya kiwanda ambavyo havikuwahi kutumika, vilivyosalia ghalani tangu gari lilipokuwa likiundwa. Hivi hukaa vizuri zaidi, lakini ni haba na ni ghali. Hata hivyo, kipande kilicholala ghalani miaka 40 chaweza kuwa na kutu ndani ya mikunjo au kuwa kimepindwa na uzito wa vingine vilivyowekwa juu yake.

Kundi la pili ni vipande vilivyopigwa upya kwa kalibu zilezile za kiwanda. Nchini Uingereza, kwa mfano, kampuni ya British Motor Heritage, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, ilirejelea kuunda bodi nzima za magari ya MG kwa kutumia mitambo ya awali. Ubora wake ni mzuri, ingawa kalibu nazo huchakaa.

Kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni nakala zilizopigwa kwa kalibu mpya. Mtengenezaji huchukua kipande cha zamani, hukipima na kuunda kalibu inayokifuata. Ikiwa kipande alichopima kilikuwa kimegongwa na kunyooshwa, kasoro yake huzaliwa tena katika kila nakala.

Kundi la nne ni vipande vinavyofuliwa kwa mkono na mafundi wa jua kali kwa bati la geji 20, ambalo unene wake ni takriban milimita 0.9. Fundi hodari mwenye nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga anaweza kuunda kizingiti, kiraka cha sakafu au sehemu ya chini ya madigadi inayokaa vizuri kuliko nakala ya ng'ambo, kwa sababu anaifuata gari iliyo mbele yake.

Kundi la mwisho ni vipande vya faiba. Hivi havishiki kutu na ni vyepesi, lakini kwa gari ambalo bodi yake ndiyo chasi yake, faiba haipaswi kuchukua nafasi ya sehemu inayobeba uzito.

Kwa nini kipande hakikai

Sababu ya kwanza iko katika bati lenyewe. Bati likibanwa na kalibu kisha likaachiliwa, hujaribu kurudi lilikotoka. Viwanda vikubwa hupiga kipande kimoja kwa hatua kadhaa ili kushinda tabia hiyo. Mtengenezaji mdogo anayeuza vipande vichache kwa mwaka hawezi kugharimia hatua hizo zote. Matokeo yake ni kona zilizo butu, mistari isiyo mikali na kingo zilizokunjwa zaidi au pungufu. Kifuniko cha buti cha 504 ya saluni, chenye mkunjo wake maarufu unaoteremka ghafla, ni mfano wa umbo linalosumbua kuigwa.

Sababu ya pili ni gari. Peugeot 504 haina chasi ya pekee kama lori. Sakafu, vizingiti na nguzo za milango ndizo zinazobeba kila kitu. Kutu ikivila vizingiti, gari huanza kulegea katikati pole pole, kama mgongo wa punda mzee. Milango ya zamani hulegea pamoja nalo, na mwenye gari hazoei kuona tofauti. Mlango mpya ulionyooka ukiletwa, hukataa kuingia katika uwazi ambao hauko mraba tena. Hapo mlango hulaumiwa bure.

Sababu ya tatu ni historia ya gari. Gari lililofanya kazi ya uchukuzi kwa miaka 20 limegongwa, likanyooshwa, likagongwa tena. Chini ya puti huenda kuna ajali tatu zilizosahaulika.

Sababu ya nne ni kwamba hata kiwandani vipande havikukaa vyenyewe. Magari ya zama hizo yalipitia mikononi mwa wafanyakazi waliovuta bawaba, kupinda kingo na kuongeza washa hadi mianya ikalingana. Magari mawili yaliyotoka siku moja yangeweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Anayetarajia nakala iingie bila kuguswa anatarajia jambo ambalo hata kipande halisi hakikulifanya.

Kabla ya kununua

Mnunuzi anapaswa kwanza kujua gari lake barabara. Peugeot 504 ya saluni, ile ndefu ya abiria na ile ya pikapu hazilingani upande wa nyuma. Ile ndefu ina mita 2.9 kati ya ekseli mbili, ilhali saluni ina mita 2.74. Aidha, matoleo mengi yalikuwa na taa za mbele zenye pembe na mengine taa za mviringo. Kuagiza "madigadi ya 504" bila maelezo zaidi ni kukaribisha hasara.

Nambari ya chasi, mwaka wa kuundwa na picha za kipande kilichopo zitumwe kwa muuzaji. Vipimo vitatu au vinne vichukuliwe pia: urefu wa ukingo wa juu, umbali kati ya matundu ya bolti, na upana wa uwazi wa taa.

Muhimu zaidi, kipande cha zamani kisitupwe. Wahenga walionya kuwa usitupe mbachao kwa msala upitao. Hata kikiwa kimetoboka kama chujio, kipande halisi kina mistari, matundu na mikunjo ambayo ndiyo ramani ya kurekebishia nakala. Wapo walioyauza mabati yao kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu siku ambayo mzigo uliwasili, kisha wakagundua kwamba hakukuwa tena na cha kulinganisha nacho.

Mara nyingine uamuzi wa busara ni kutobadilisha kipande chote. Ikiwa madigadi halisi imeoza sentimita 10 za chini tu, fundi anaweza kukata sehemu hiyo kutoka kwenye nakala, au kuifua kwa mkono, na kuichomelea. Ukingo wa juu unaokutana na boneti, ambao tayari unakaa sawa, hubaki ulivyo.

Kupima gari kwanza

Kazi huanza na gari, si na kipande. Lisimamishwe mahali tambarare. Gereji nyingi za miji ya Mlima Kenya zina sakafu ya udongo, lakini hilo si kizuizi. Mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ule waashi wanaoutumia kusawazisha msingi wa nyumba, huonyesha iwapo pembe nne za gari ziko kimo kimoja. Mbao nene huwekwa chini ya magurudumu hadi maji yalingane.

Kisha kila uwazi wa mlango hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya juu mbele hadi ya chini nyuma, na kinyume chake. Vipimo vya upande wa kushoto hulinganishwa na vya kulia. Vikipishana kwa milimita mbili au tatu, kuna nafasi ya kurekebisha kwa bawaba. Vikipishana kwa sentimita nzima, gari limepinda au limelegea, na hakuna mlango duniani utakaokaa hapo mpaka kasoro hiyo iondolewe.

Vipimo hivi vyafaa kuchukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na injini ikiwa ndani. Bodi iliyoning'inizwa kwa jeki katikati hubadilika umbo. Milango iliyopangwa vizuri ikiwa hewani huanza kugusa gari likiteremshwa.

Ikiwa vizingiti vimeoza na lazima vikatwe, vyuma vya kushikilia huchomelewa kwanza kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, ili gari lisijikunje. Upande mmoja humalizwa kabla ya mwingine kuguswa. Fundi anayekata vizingiti vyote viwili kwa siku moja bila kuweka vishikio huwa amelivunja gari mgongo.

Kutoka nyuma kwenda mbele

Kanuni ya kupanga vipande ni nyepesi kukumbuka: anza na kisichosogea, malizia na kinachosogea. Kwa gari la milango minne, sehemu za nyuma zimechomelewa na haziwezi kuhamishwa kwa urahisi. Kwa hivyo mlango wa nyuma hupangwa kufuata sehemu hizo. Mlango wa mbele hufuata ule wa nyuma. Madigadi ya mbele, ambayo katika 504 imefungwa kwa bolti, hufuata mlango wa mbele. Boneti huja mwisho, ikifuata madigadi zote mbili.

Wengi hufanya kinyume. Hufunga madigadi mpya kwanza kwa sababu ndizo zilizofika, wakazikaza kabisa, kisha wakashangaa kwa nini mlango unagusa ukifunguliwa.

Katika hatua hii hakuna kinachokazwa. Bolti huingizwa zote kwa mkono, nusu nusu, ndipo kipande kisukumwe mahali pake. Vipande vyote vya upande huo, pamoja na taa, grili na bampa, huvalishwa pamoja kabla ya uamuzi wowote kufanywa. Kipande kinachoonekana kimeharibika huenda kinasukumwa tu na jirani yake.

Raba za milango na vioo navyo visisahaulike. Mlango mtupu ni mwepesi; ukiwekewa kioo na mtambo wake huinama kwenye bawaba. Raba mpya huwa nene na ngumu kuliko ya zamani na huusukuma mlango nje. Mlango uliofunga vizuri bila raba waweza kukataa kufunga siku gari linapokabidhiwa mwenyewe.

Mwanya wa milimita 4 hadi 6 kati ya vipande ni wa kawaida kwa magari ya enzi hizo. Muhimu kuliko upana wake ni ulinganifu: mwanya uwe sawa kutoka juu hadi chini, na sawa kushoto na kulia. Vipande vya mbao au plastiki vilivyochongwa kwa unene mmoja hutumika kupimia, kwani jicho hudanganywa na mwanga wa jioni.

Ni lazima pia kukumbuka rangi. Praima na rangi zikipakwa kwenye kingo mbili zinazotazamana zinaweza kula hadi nusu milimita. Mwanya ulio finyu kabla ya rangi utakwaruzana baada yake.

Kurekebisha bila kuharibu

Nyundo ni ya mwisho. Hatua ya kwanza ni kulegeza bawaba na kusogeza. Ya pili ni washa za kujazia, zinazowekwa chini ya bawaba au nyuma ya bolti. Ya tatu ni kupanua tundu la bolti kwa tupa ya mviringo ili liwe la yai, kisha kuweka washa pana juu yake.

Mlango uliojipinda, unaogusa juu na kuacha nafasi chini, hunyooshwa kwa kuweka kipande cha mbao penye mguso kisha kuusukuma kwa nguvu ya mwili, kidogo kidogo. Kazi hii huhitaji watu wawili na subira nyingi. Mwenda pole hajikwai.

Mwanya ukiwa mpana kupita kiasi, ukingo huongezwa kwa kuchomelea mstari mwembamba wa chuma na kuupiga tupa hadi ulingane. Ukiwa finyu, ukingo waweza kupunguzwa, ila kwa uangalifu mkubwa. Bati la nje la mlango limekunjwa na kulibana bati la ndani. Mkunjo huo ukipigwa tupa hadi ukatoboka, bati hizo mbili huachana na maji hupenya.

Puti haipaswi kutumiwa kuunda umbo. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya mwisho, na unene unaozidi milimita 3 ni dalili kwamba bati halikunyooshwa. Katika barabara za changarawe, puti nene hupasuka, hunasa maji na kuifichia kutu chakula chake.

Moto na bati

Vipande vinavyochomelewa huharibiwa zaidi na joto kuliko na vipimo. Bati la unene usiofika milimita moja likipata moto mwingi hutanuka, na likipoa hujikunja kama karatasi iliyolowa. Mashine ya kuchomelea kwa fito, inayopatikana kila kona, ni kali mno kwa bati hili. Ile ya waya na gesi humpa fundi udhibiti mzuri zaidi. Anayetumia mtungi wa oksijeni na asetilini hana budi kuwa na mkono uliozoea.

Mchomeleo huanza kwa nukta ndogo zilizo mbalimbali, ya kwanza mwisho mmoja, ya pili mwisho wa pili, ya tatu katikati. Kila nukta huachwa ipoe kabla ya kuwekwa jirani yake. Mlango hufungwa na kufunguliwa kila baada ya nukta chache; ukianza kugusa, ni rahisi kukata nukta tatu kuliko mstari mzima.

Usalama hauna mjadala. Betri na alteneta hutenganishwa na nyaya zake. Tangi la petroli huondolewa na kuwekwa mbali; tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Bati lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa, hivyo kazi ifanyiwe mahali penye hewa. Baadhi ya magari ya zamani yalijazwa risasi kwenye maungio, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza karibu na gereji.

Land Rover na Volkswagen

Land Rover ina nafuu yake. Ina chasi ya pekee, na vipande vingi vya bodi hufungwa kwa bolti. Hata hivyo, ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva ndio unaoamua mahali pa milango, kioo na madigadi. Ukuta huo ukifungwa ukiwa umeinama kidogo, kila kipande kitakachofuata kitainama. Kwa sababu hiyo hukazwa mwisho, baada ya milango kujaribiwa.

Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Kila maungio yanahitaji rangi na kitenganishi cha raba au plastiki.

Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo uundaji wake ulikoma nchini Mexico mwaka wa 2003 baada ya magari zaidi ya milioni 21, ina nakala nyingi. Madigadi zake nne hufungwa kwa bolti, kukiwa na utepe wa raba katikati, na fundi mwanagenzi anaweza kuzibadilisha. Mtihani uko kwenye vizingiti vyake vinavyopitisha hewa ya joto. Vikikatwa bila milango kuwekewa vishikio, gari hubadilika umbo, na milango iliyofunga kwa miaka 40 haifungi tena.

Mvua za mlima

Hali ya hewa ya Nyeri na majirani zake ina amri yake. Msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, pamoja na ukungu na baridi ya Julai, hufanya bati tupu kushika kutu kwa usiku mmoja. Bati lililopigwa msasa asubuhi lipakwe praima kabla ya jua kutua.

Rangi nyeusi inayokuja na vipande vya nakala isidhaniwe kuwa kinga. Mara nyingi ni ya safari tu. Huparuzwa kwa msasa, hukaguliwa na kupakwa praima inayofaa. Mahali pa kuchomelea huondolewa kabisa na kupakwa praima ya zinki.

Kazi ikikamilika, nta ya kuzuia kutu hunyunyizwa ndani ya vizingiti, milango na mikunjo isiyoonekana. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yaachwe wazi. Udongo mwekundu wa milimani ukiyaziba, maji hukaa ndani, na kipande cha bei ghali huoza kutoka ndani kwenda nje katika misimu michache. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika gari, ukiziba tundu lisilofaa utanunua mlango.

Mapatano na sheria

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humlinda mnunuzi anayeuziwa bidhaa isiyolingana na maelezo yaliyotolewa au isiyofaa kwa kazi aliyomweleza muuzaji. Lakini sheria hiyo hiyo humhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akiitendea kama mali yake kwa namna isiyopatana na haki ya muuzaji. Aliyekwisha kukata, kutoboa au kupaka rangi kipande atapata taabu kukirudisha. Kukijaribu kikiwa kikavu na kizima, na kukipiga picha kikiwa kwenye gari, ndiko kunakolinda fedha zake.

Baina ya mwenye gari na fundi, mapatano yaandikwe. Saa za kurekebisha zitajwe kando na saa za kufunga, kwa maana ndizo zinazomeza kazi. Fundi aliyeitisha malipo ya kufunga milango minne tu, kisha akatumia majuma mawili kuinyoosha, ataharakisha gari la watu ili apate riziki kwingine, na puti itafanya kazi ambayo bati lilipaswa kufanya.

Ujuzi huu wenyewe umo hatarini. Wengi wa waliojifunza kufua bati kwa mkono walianza wakati Peugeot zilipokuwa zikijaa vituoni, na sasa ni wazee. Vijana wanaofunzwa leo hukutana zaidi na magari ambayo kipande kikiharibika hubadilishwa kizima. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mitihani ya ufundi inayomwezesha aliyejifunzia kazini kupata cheti, na gari moja la zamani linalofufuliwa kwa utaratibu ni darasa tosha kwa mwanagenzi wawili au watatu.

Mwenye gari anayetaka kuanza hahitaji kungoja mzigo kutoka ng'ambo. Kazi ya kwanza ni mpira wa maji, utepe wa kupimia na daftari. Akishajua gari lake limeinama wapi na kwa kiasi gani, ndipo atajua ni bati gani la kununua, na lipi la zamani bado linastahili kuokolewa.